Kutoka Gugu hadi Kienyeji: Historia ya Mboga za Majani za Bustani ya Nyumbani katika Eneo la Maziwa Makuu kwa Ushahidi wa Majina

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya mboga za majani zinazooteshwa na kupikwa nyumbani katika eneo la Maziwa Makuu. Data kuu ni majina ya mboga hizo katika Kiswahili na katika lugha jirani za Kibantu na Kiniloti. Hoja inayojengwa ni kwamba kivumishi kienyeji, kinachotumiwa leo kuzitaja mboga kama mnavu, mgagani na mchicha, hakielezi asili ya mmea kibotania. Kinaelezea uhusiano wa mmea na nyumba: mbegu yake inatunzwa na nani, na maarifa ya kuupika yamehifadhiwa wapi. Makala inaonesha namna mimea hiyo ilivyoitwa mboga, ikahesabiwa kuwa magugu, kisha ikarejea sokoni ikiwa bidhaa yenye hadhi. Mwishoni inabainisha wajibu wa wanaleksikografia wa Kiswahili wakati huu ambapo lugha hiyo inapewa nafasi rasmi katika nchi nyingi zaidi za ukanda huu.

Maneno muhimu: mboga za kienyeji, leksikografia, historia ya kilimo, Maziwa Makuu, maarifa ya upishi

1.0 Utangulizi

Historia ya kilimo cha Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa mazao yaliyopimwa kwa mizani: pamba, kahawa, chai, mkonge na karafuu. Mazao hayo yaliacha nyaraka nyingi kwa kuwa yalitozwa ushuru, yakapakiwa melini na kuandikiwa ripoti kila mwaka. Mboga ya majani haikuacha nyaraka za namna hiyo. Huchumwa, huchambuliwa na kuliwa siku hiyohiyo, mara nyingi bila kupita mikononi mwa mfanyabiashara wala karani. Mtafiti anayeitafuta katika majalada ya serikali za kikoloni hukuta kidogo sana.

Palipokosekana majalada, majina yanaweza kutoa ushahidi. David Schoenbrun, katika kitabu chake A Green Place, A Good Place cha mwaka 1998, alionesha kwamba historia ya kale ya kilimo na jamii za Maziwa Makuu inaweza kujengwa upya kwa kulinganisha msamiati wa lugha za eneo hilo. Makala hii inafuata njia hiyo kwa kipindi cha karibuni zaidi na kwa kundi dogo la mimea. Eneo linalohusika ni Uganda, Rwanda, Burundi, magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Kongo. Tanzania inaingizwa pale ambapo matumizi ya Kiswahili yanahitaji kulinganishwa.

2.0 Mahali Mboga Zilipoota

Dhana ya bustani ya mboga kama kiwanja kidogo chenye matuta yaliyonyooka na ua wa kukizunguka haielezi vizuri hali iliyokuwapo katika eneo hili kabla ya ukoloni. Buganda palikuwa na olusuku, shamba la migomba lililoizunguka nyumba na kutunzwa hasa na wanawake. Kwa Wahaya palikuwa na kibanja, na kwa Wachaga wa Kilimanjaro kihamba. Katika mashamba hayo mboga ziliota chini ya migomba, kandokando ya njia na penye majivu na takataka za jikoni. Mgagani hustawi sana kwenye udongo wenye samadi, na kwa sababu hiyo ulipatikana kwa wingi palipowahi kuwa na zizi.

Nyingi za mboga hizi hazikuhitaji kupandwa kila msimu. Zilidondosha mbegu na kujiotea mvua iliponyesha. Kazi ya mkulima ilikuwa kuchagua: wakati wa palizi aling'oa mimea isiyofaa na kuubakiza mchicha au mnavu ulioota katikati ya mahindi na maharage. Jembe lilipita pembeni mwake. Kitendo hiki cha kubakiza ni kilimo kamili, ingawa mgeni asiyejua alichokuwa akikiona angeweza kudhani shamba halikupaliliwa vizuri.

Inafaa kutaja kwamba katika Rwanda ya leo kampeni za lishe zinahimiza kila kaya iwe na akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Istilahi hiyo inakipa jina kitu ambacho zamani hakikuhitaji jina la peke yake, kwa sababu jiko na shamba havikuwa mbalimbali.

3.0 Mzizi Mmoja, Maana Nne

Neno mboga ni la kale katika lugha za Kibantu, na mzizi wake -boga umeenea katika eneo pana. Kinachovutia mtafiti wa historia ni jinsi maana yake ilivyotofautiana kutoka lugha moja hadi nyingine.

Katika Kigusii, emboga ni mchicha hasa. Katika Kiluhya pia, tsimboka au tsimboga, kutegemea lahaja, humaanisha mchicha. Katika Kinyarwanda, imboga ni mboga za majani kwa ujumla. Katika Kiswahili maana imepanuka zaidi, hususani Tanzania, ambako mboga ni kitoweo chochote kinacholiwa na ugali au wali, hata kikiwa samaki au nyama. Ndiyo sababu msemaji hulazimika kuongeza maneno na kusema mboga za majani pale anapotaka kueleweka. Katika lugha ya mitaani ya Dar es Salaam, familia ya mboga saba ni familia yenye uwezo, ambayo meza yake haina kitoweo kimoja tu.

Kiganda kimefuata njia nyingine. Katika lugha hiyo, emboga ni kabichi. Mboga za majani kwa jumla huitwa enva endiirwa, na kila mmea una jina lake: doodo, ebbugga, ejjobyo, ensugga, nakati. Neno la kale la Kibantu limekabidhiwa mmea uliokuja na wageni. Kinyarwanda na Kirundi hazikufanya hivyo. Kabichi huko huitwa amashu, neno linalotokana na Kifaransa, na Kiswahili kikachukua kabichi kutoka Kiingereza. Lugha hizi zimepokea mmea uleule kwa njia mbili tofauti, ama kwa kukopa jina lake la kigeni au kwa kuuvika jina lililokuwa la mimea ya nyumbani.

Mfano wa Kiganda unaonesha kiwango ambacho mboga ngeni ilikubalika. Wasemaji hawalipi neno la jumla tunda au jani lolote lililopita. Hulipa kile wanachokiona kuwa kielelezo cha kundi zima.

4.0 Majina Yasiyotambua Mipaka

Majina ya mboga mojamoja yanatoa picha ya zamani zaidi. Mchicha huitwa doodo katika Kiganda, dodo katika Kinyarwanda na ododo katika Kijaluo. Mgagani huitwa chinsaga katika Kigusii na tsisaka katika Kiluhya, na Wakalenjin wana isagek. Mnavu ni ensugga katika Kiganda na osuga katika Kijaluo, ilhali Wakikuyu husema managu na Wagusii rinagu, majina ambayo hayako mbali na mnavu wa Kiswahili. Mgagani ni akeyo kwa Wajaluo na vilevile kwa Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda.

Kijaluo na Kikalenjin ni lugha za Kiniloti, na Kiganda, Kigusii na Kiluhya ni za Kibantu. Ufanano wa majina kati ya familia mbili zisizo na asili moja hauwezi kuelezwa kwa urithi. Ni ushahidi wa mkopo, na mkopo wa majina ya mboga haukufanyika katika mabaraza ya wafalme. Ulifanyika mahali wanawake wa jamii mbili walipokutana: kisimani, sokoni, na hasa katika ndoa, bibi arusi alipohamia nyumba ya lugha nyingine akiwa na mbegu zake. Historia ya kisiasa ya ukanda huu imesimulia kwa kirefu vita na mipaka baina ya jamii hizi. Orodha ya mboga inasimulia upande mwingine wa historia hiyo.

Kiswahili nacho kina tofauti za ndani. Mchicha wa Tanzania na pwani ya Kenya ni lengalenga katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo na cha Bujumbura. Kisamvu cha Tanzania ni sombe huko, na Kinyarwanda hukiita isombe. Neno matembele, kwa upande wake, linaeleweka pande zote mbili za Ziwa Tanganyika.

5.0 Mboga Kuhesabiwa Gugu

Ukoloni haukupiga marufuku mboga hizi. Ulizipuuza, na katika kilimo kupuuza kuna athari zake. Pamba ilipoingizwa Uganda mwaka 1903 na kuenea miaka iliyofuata, nguvu kazi, maelekezo ya wataalamu na barabara vilielekezwa kwenye zao hilo. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara, kilijishughulisha zaidi na mimea yenye faida ya biashara. Katika bustani za misheni, za maofisa na za walowezi zilipandwa kabichi, karoti, saladi na figili, na mboga hizo ndizo zilizoingia katika masomo ya kilimo shuleni.

Shamba la kisasa lilifundishwa kuwa shamba la zao moja lililonyooshwa kwa kamba, lisilo na mmea mwingine ndani yake. Kwa kipimo hicho, mchicha uliobakizwa kati ya mistari ya mahindi ulikuwa kasoro. Mwaka 1967 kilichapishwa kitabu cha G. W. Ivens kuhusu magugu ya Afrika Mashariki na namna ya kuyadhibiti, na jamii za mchicha na za mnavu zimo katika orodha yake. Miaka 32 baadaye, mwaka 1999, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya vyakula vya jadi vya Kenya, na mimea hiyohiyo imo humo, safari hii ikiwa chakula.

Vitabu vyote viwili ni sahihi kwa malengo yake. Mmea unaomnyima mkulima wa ngano mavuno ni gugu katika shamba lake. Hata hivyo, mwanafunzi aliyefundishwa orodha ya kwanza bila ya pili alijifunza pia kwamba mama yake alikuwa akipika magugu. Haya yaliyoandamana na vyakula hivyo mijini hayakutokana na ladha pekee.

6.0 Kivumishi Kienyeji

Neno kienyeji linatokana na mwenyeji, yaani mkaazi wa mahali, yule anayempokea mgeni. Katika matumizi, hata hivyo, kivumishi hiki hakikubaki na heshima ya mwenyeji. Kilisimama mkabala na kizungu: kuku wa kienyeji na kuku wa kizungu, dawa ya kienyeji na dawa ya hospitali, pombe ya kienyeji na bia. Kabla ya kuja kwa kabichi hapakuwa na haja ya kusema mboga za kienyeji. Zilikuwa mboga tu. Jina hilo ni alama iliyowekwa juu ya kitu cha zamani baada ya kipya kupewa nafasi ya kawaida.

Swali linalofuata ni mpaka wa kienyeji umepita wapi. Kama ungekuwa mpaka wa asili ya mmea, mboga nyingi zingetoka upande wa pili. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini na kufikishwa Afrika na Wareno, lakini kisamvu huhesabiwa kuwa cha kienyeji. Viazi vitamu ambavyo majani yake ni matembele vina asili ya Amerika, na hali kadhalika maboga ambayo majani yake Waganda huyaita essunsa na Wajaluo susa. Baadhi ya spishi za mchicha zinazopandwa leo nazo zimetoka huko. Kunde na nakati ndizo zenye asili ya Afrika bila ubishi.

Sukuma wiki, kwa upande mwingine, imepikwa Kenya kwa vizazi kadhaa, imepewa jina la Kiswahili safi lenye tabasamu ndani yake, na imewasaidia maskini wa mijini kuifikia siku ya mshahara. Hata hivyo haiitwi ya kienyeji. Kabichi nayo, hata Buganda ilikopewa jina la kale, haiitwi hivyo.

Tofauti inaonekana katika mbegu. Kabichi huhitaji kipindi cha baridi ili itoe maua, na katika sehemu nyingi za joto la tropiki hufungwa kichwa na kuliwa bila kutoa mbegu hata moja. Anayeipanda hurudi dukani kila msimu. Mgagani, mnavu na mchicha hutoa mbegu kwa maelfu pale pale nyumbani, na muhogo na viazi vitamu huendelezwa kwa vipande vya shina vinavyoombwa kwa jirani. Kwa hiyo mboga ya kienyeji ni ile ambayo nyumba inaweza kuiendeleza yenyewe. Ni mwenyeji kwa maana ya asili ya neno hilo: anakaa, haondoki baada ya kuliwa. Wasemaji wa Kiswahili wamechora mpaka huu bila kuufundishwa na wataalamu wa mimea, na wameuchora kwa uthabiti.

7.0 Maarifa Yaliyomo Chunguni

Kinachoendelezwa pamoja na mbegu ni namna ya kupika, na hapa msamiati wa Kiswahili ni tajiri kuliko kamusi zinavyoonesha. Mboga huchumwa, huchambuliwa, hukatwa, hutwangwa, huchemshwa, humwagwa maji, huungwa, hulazwa. Kila kitenzi kinabeba uamuzi.

Kitenzi kuunga ndicho kinachotofautisha maeneo. Pwani mboga huungwa kwa nazi. Uganda na pembezoni mwa ziwa huungwa kwa karanga, na Waacholi hutumia ufuta uliosagwa, kama wanavyofanya kwa malakwang, jani chachu la jamii ya choya. Magharibi mwa Kenya mgagani hutiwa maziwa na kulazwa usiku kucha ili uchungu upungue, na Wagusii huuthamini kama chakula cha mwanamke aliyejifungua. Mlenda na majani magumu hulainishwa kwa magadi, au kwa maji ya majivu ambayo Waluhya huyaita musherekha.

Baadhi ya hatua hizi ni za ladha, nyingine ni za usalama. Kisamvu ni mfano ulio wazi. Majani mabichi ya muhogo yana kemikali zinazozalisha sianidi. Kutwanga huvunja jani na kuifanya sumu iachane nalo, na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika huiondoa. Mpishi wa Kigoma au Bukavu anayetwanga kisamvu kwa bidii kabla ya kukiinjika hafuati desturi tupu. Kamusi inayosema tu kwamba kisamvu ni majani ya muhogo yanayoliwa imetoa maana sahihi na kuacha nje sehemu ambayo ikikosekana mtu anaweza kudhurika. Kwa aliyekulia katika nyumba inayokipika, pengo hilo si kitu. Kwa kijana wa mjini, mkimbizi aliyehamia eneo geni, au msomaji wa kipeperushi kilichofasiriwa haraka, ni jambo la afya.

Vivyo hivyo kwa mnavu. Neno hili moja la Kiswahili linafunika spishi kadhaa za Solanum, zikiwamo zenye majani mapana na uchungu mdogo na zenye majani madogo na uchungu mkali. Wapishi huzitenganisha kwa macho na kwa ulimi, na huzipika kwa njia tofauti. Neno la jumla likitumiwa peke yake, utenganisho huo hauandikwi popote.

8.0 Kurejea Sokoni na Wajibu wa Kiswahili

Tangu miaka ya 1990 mboga hizi zimepata utetezi mpya. Kituo cha kanda cha utafiti wa mboga kilianzishwa Arusha mwaka 1992 na kimeshiriki kuzalisha aina bora za mnavu, mchicha na ngogwe. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alitumia miaka mingi kuthibitisha thamani ya lishe ya mboga za jadi. Leo mnavu unauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na nakati hulimwa kwa ajili ya masoko ya Kampala. Kienyeji, kilichokuwa kivumishi cha dharau, sasa kinapandisha bei.

Mafanikio haya yanaleta hali mpya. Mnavu unaopandwa kwa mbegu ya pakiti umeanza kuvuka ule mpaka uliobainishwa hapo juu: jina lake ni la kienyeji, lakini mbegu yake ni ya dukani. Mbegu bora zina faida kwa mkulima anayetaka mavuno sawasawa na soko la uhakika. Hasara inakuja pale aina moja inapochukua nafasi ya tano, na jina moja la lebo kuchukua nafasi ya majina matano ya nyumbani.

Katika hali hiyo Kiswahili kina nafasi ambayo hakikuwa nayo zamani. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na Uganda ilichukua uamuzi kama huo mwaka 2022, mwaka ambao Kongo ilijiunga na Jumuiya. Lebo za mbegu, vitabu vya shule na maelekezo ya lishe vitaandikwa kwa Kiswahili zaidi na zaidi. Kama Kiswahili hicho kitakuwa na mnavu tu, managu, osuga na ensugga zitakosa mlango wa kuingilia.

Soko la Nairobi limeonesha njia nyingine. Wauzaji na wanunuzi huko, wakizungumza Kiswahili, husema managu, terere, saga na mrenda kwa mboga ambazo kamusi huziita mnavu, mchicha, mgagani na mlenda. Mwalimu anaweza kuyaita hayo makosa. Mwanahistoria wa lugha atayaona kuwa mwendelezo wa mkopo uleule uliompa Mjaluo na Mganda jina moja la mchicha.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba mboga za majani za bustani ya nyumbani zina historia inayoweza kusomwa katika majina yake: ujirani wa kale wa Wabantu na Waniloti, kuja kwa mboga ngeni na kubadilika kwa maana ya -boga, kipindi cha kuhesabiwa gugu, na kurejea kwa jina la kienyeji. Imeonesha pia kwamba kienyeji ni mpaka wa utunzaji wa mbegu kuliko asili ya mmea.

Mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, kamusi za Kiswahili ziingize majina ya kimaeneo kama lengalenga, sombe, managu na saga yakiwa visawe vyenye alama ya eneo, si lahaja za kusahihishwa. Pili, fasili ya mboga itaje hatua ya upishi isiyoweza kuachwa: kisamvu kielezwe kuwa majani ya muhogo yanayoliwa baada ya kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Tatu, vyama vya Kiswahili vya nchi hizi, kwa kushirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vikusanye msamiati huu kutoka kwa wapishi na wapalilizi wenyewe, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji kuhudhuria palizi na kuuliza, kila jembe linapoupita mmea bila kuung'oa, mmea huo unaitwaje na unapikwaje.